Namba yangu mmeipata wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zina lalamiko moja: mtu alitoa namba, picha au alama ya kidole kwa shughuli fulani, ikaishia kwa mtu asiyemjua. Tumechagua sita. Majina ya wasomaji na ya kampuni wanazozilalamikia tumeyaondoa. Kampuni na shule zinazotajwa kwenye majibu kuwa zilikosea ni zile ambazo mashauri yao yalishaamuliwa hadharani.

Wahariri, hamjambo. Sijawahi kukopa kwa simu hata siku moja. Lakini sasa napigiwa asubuhi na jioni na watu wanaotaka nimwambie binamu yangu alipe deni lake, la sivyo mimi "mdhamini" nitabeba mzigo. Juzi wamempigia mama yangu, tena wakamwita Shangazi. Wamejuaje? Na nifanyeje? — Msomaji, Nakuru

Deni si lako. Mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kudhamini. Kuwemo kwenye simu ya binamu si kukubali. Usilipe hata shilingi mia ya kuwanyamazisha, kwa sababu namba iliyolipa mara moja ndiyo itakayopigiwa zaidi.

Hilo la "Shangazi" linaeleza kila kitu. Binamu yako alipoiweka programu ya mkopo, iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yake. Alipobonyeza kukubali, programu ilinakili orodha nzima na kuipeleka kwenye seva ya mkopeshaji, majina yakiwa vile vile alivyoyahifadhi: Shangazi, Bosi, Fundi Gari, Pastor. Anayedai anasoma kwenye orodha hiyo. Binamu akiifuta programu leo, au akienda Mipangilio, Programu, Ruhusa, na kuzima ruhusa ya Anwani (Contacts), atazuia majina mapya yasichukuliwe. Yaliyokwisha kwenda hayarudi kwa njia hiyo, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanahangaika na simu wakati taarifa ziko kwenye seva.

Kisheria mkopeshaji huyu hana pa kusimama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa zichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na wewe hukuulizwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kutumia orodha ya majina ya mteja kudai deni. Kamishna wa Data alishaitoza faini ya shilingi milioni 5 kampuni ya Whitepath kwa mchezo huu, na mwaka 2023 akaitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000. Google nao, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, walizipiga marufuku programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma majina na picha za mteja. Ndiyo maana siku hizi wakopeshaji wabaya humtumia mtu kiungo cha kupakua programu nje ya Play Store. Binamu akikuambia aliipata kwa kiungo cha WhatsApp, umeshapata nusu ya jibu.

Anza na ushahidi. Usifute ujumbe hata ukikukera. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Simu walizopiga ziandike: saa ngapi, namba gani, walisema nini. Mama naye afanye hivyo hivyo.

Kisha tafuta jina halisi la kampuni. Jina la programu mara nyingi silo jina la kampuni. Njia ya haraka ni ujumbe wa M-Pesa ulioingia siku binamu alipopokea mkopo: jina la aliyetuma fedha limeandikwa pale. Lilinganishe na orodha ya wakopeshaji wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama halimo, hiyo ni hoja ya pili ya malalamiko yako.

Sasa andika barua pepe. Maneno haya yanatosha:

*"Kwa Afisa wa Ulinzi wa Data. Mimi ni mwenye namba ya simu iliyo hapo chini. Si mteja wenu wala mdhamini wa mteja wenu yeyote. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo zinazonihusu, mlizipata lini na kwa nani, na mmempa nani mwingine. Mkishanijibu hayo, zifuteni na mnithibitishie kwa maandishi. Kuanzia leo napinga namba yangu kutumiwa kudai deni la mtu mwingine."*

Angalia mpangilio: nakala kwanza, kufuta baadaye. Ukianza kwa kuomba wafute, unawasaidia kuuondoa ushahidi uliokuwa unakufaa. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2021 zinawapa siku 7 kukupa nakala, bila malipo, na siku 14 kwa maombi ya kufuta au kupinga. Na tafadhali usiambatanishe nakala ya kitambulisho. Unalalamika wana taarifa zako nyingi mno, halafu unawaongezea? Wakitaka uthibitisho kwamba namba ni yako, wakutumie tarakimu kwenye simu hiyo hiyo.

Siku zikipita kimya, au wakijibu kwa ubishi, peleka malalamiko kwa Kamishna kupitia odpc.go.ke. Hakuna ada wala huhitaji wakili, na sheria inataka malalamiko yahitimishwe ndani ya siku 90. Faini haiji mfukoni mwako, lakini kifungu cha 65 kinampa aliyeathirika haki ya fidia. Kama unaitaka, iandike kwenye malalamiko tangu mwanzo na ueleze umeathirika vipi. Mama kupigiwa na kutishwa ni athari. Usiseme tu "nimesumbuliwa".

Kwa wasomaji wa Tanzania wanaosumbuliwa na kausha damu (mikopo ya riba kali) za mtandaoni, mlango ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pdpc.go.tz. Kwanza angalieni kama programu imo kwenye orodha ya majukwaa 69 yasiyo na leseni ambayo Benki Kuu ya Tanzania iliitoa Novemba 2024.

Habari za kazi. Nanunua vijiti vya kupimia sukari kwenye duka la dawa, na waliniomba namba ili nipate pointi. Tangu hapo naletewa matangazo ya dawa za kisukari na watu nisiowajua. Nina uhakika duka limeniuza. — Msomaji, Dar es Salaam

Huenda limekuuza, lakini uhakika bado huna. Wauza dawa za kienyeji hutuma ujumbe kwa maelfu ya namba kwa bahati nasibu. Kisukari kimeenea, kwa hiyo wengi wanaoupokea wataona wamelengwa wao.

Tazama ujumbe unatoka wapi. Ukitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, huyo huenda hana mkataba na duka lolote, na mara nyingi ni tapeli. Usimjibu, hata kwa kuandika STOP, maana utamthibitishia kwamba namba ina mtu. Usambaze ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli Tanzania. Utajibiwa utaje namba iliyoutuma, uitaje, basi. Ukitoka kwa jina badala ya namba, mtumaji amesajiliwa kupitia kampuni ya kutuma ujumbe kwa wingi, na mtandao wako wa simu unaweza kumjua. Huyo ndiye wa kumwandikia: namba yangu mmeipata wapi?

Kuna hila ya kujua nani anavujisha. Unapojiandikisha kwenye kadi za pointi, badilisha kidogo jina la pili kwa kila duka: hapa Juma A., pale Juma B. Tangazo likija na jina, utajua limepita mlango gani. Hila hii usiitumie benki, hospitali wala kwenye usajili wa laini.

Ikithibitika ni duka, kosa lake ni kubwa kuliko la kuuza namba. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa yako ya maandishi. Kutaja namba kaunta wakati foleni inasukuma si ridhaa ya maandishi. Una haki pia ya kumtaka mkusanyaji yeyote aache kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara. Mwandikie mwenye duka, si kijana wa kaunta, na baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Wa Kenya wenye laini za Safaricom wanaweza kupiga *456*9*5# kujiondoa kwenye ujumbe wa matangazo. Hiyo haimgusi anayekutumia kutoka namba ya kawaida.

Shule imebandika picha ya mtoto wangu wa darasa la pili kwenye Facebook, na jina lake kwenye sare linasomeka. Nilipouliza, nikaambiwa nilisaini fomu ya kujiunga. — Mzazi, Thika

Chukua fomu uisome. Kama haisemi picha zitatumika kutangaza shule, saini yako haiwasaidii. Hata kama inasema, ridhaa hutolewa na huondolewa. Andika leo kwamba umeiondoa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kugusa taarifa za mtoto, na Roma School ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 mwezi Septemba 2023 kwa kubandika picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Kabla hujalalamika, hifadhi kiungo cha picha na picha ya skrini, kwa sababu shule zikisikia neno Kamishna hufuta usiku huo huo na asubuhi zinakana.

Shikamooni wakubwa zangu. Nimepiga *106# nikakuta laini tatu zimesajiliwa kwa NIDA yangu, na mimi nina moja tu. Nimeogopa. — Msomaji, Tanga

Marahaba. Kuogopa ni haki yako, kwa sababu ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa laini za namna hiyo, na polisi wakifuatilia wanaanzia kwa jina lililosajiliwa.

Laini za ziada huzaliwa kwa wakala wa barabarani. Unaweka kidole kwenye mashine, anakuambia, "Hakijasoma, rudia." Unarudia. Mara ya kwanza kilikuwa kimesoma: laini moja yako, nyingine yake, ya kuuza. Wengine walirudishwa mara nne wakidhani vidole vimesuguliwa na jembe. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, huu umekuwa mlango mpana kuliko udukuzi wowote wa kompyuta.

Nenda mwenyewe kwenye duka la kampuni ya simu husika, si kwa wakala wa mwavuli, ukiwa na kitambulisho au namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20. Kama laini ngeni ziko mitandao miwili, ni safari mbili. Duka la mtandao mmoja halifuti laini ya mwingine. Sema unataka laini hizo ziondolewe kwenye usajili wako, si "zifungwe" tu. Laini iliyofungwa inaweza kubaki kwenye jina lako. Omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, ambao utakufaa kama namba hiyo ilishatumika kutapeli kabla hujaiondoa. Kisha piga *106# tena baada ya siku chache.

Safari ijayo mashine ikigoma, kabla ya kurudia kidole subiri na uangalie skrini ya wakala. Akikataa kukuonyesha, chukua kitambulisho chako uondoke.

Nilichelewa kulipa mkopo wa simu mwaka juzi, nikalipa wote na riba. Mwezi uliopita benki imeninyima mkopo kwa sababu ya CRB. Nani aliwaruhusu kupeana habari zangu? — Msomaji, Mombasa

Hapa jibu halitakufurahisha: sheria ndiyo iliyowaruhusu. Si kila kupeana taarifa ni kosa. Wakopeshaji waliosajiliwa hupeleka rekodi za mikopo, nzuri na mbaya, kwa kampuni za taarifa za mikopo, yaani CRB, zenye leseni ya Benki Kuu, nazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Huwezi kukataa kwa kusema hukuridhia. Unachoweza kudai ni kwamba walichopeleka kiwe kweli.

Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Iombe, kisha soma mistari miwili: salio na hali ya mkopo. Kama salio bado lipo au hali inasomeka kwamba hujalipa, hilo ni kosa na ni la kusahihishwa. Kwa kawaida mzizi wake ni mkopeshaji aliyepokea fedha asipeleke taarifa mpya, au programu iliyokufa na rekodi ikabaki yatima. Mwombe mkopeshaji barua ya kuthibitisha umemaliza deni, uiambatanishe na ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, uipeleke kwa kampuni yenye ripoti na nakala kwa mkopeshaji. Umebadilisha simu na ujumbe umepotea? Omba taarifa ya miamala ya M-Pesa ya miezi ile.

Lakini kama ripoti inaonyesha deni limelipwa kwa kuchelewa, hiyo ni kweli na haifutiki kwa barua. Rekodi mbaya hukaa miaka 5 tangu deni lilipomalizwa. Anayekuahidi "kukusafishia CRB" kwa ada kupitia Telegram anakuibia mara mbili: fedha, na namba ya kitambulisho utakayompa.

Nimefuta programu ya kununua nguo lakini barua pepe zinaendelea, na kadi yangu inakatwa kila mwezi. Nikiwaandikia anajibu roboti: "Asante kwa kuwasiliana nasi." — Msomaji, Dodoma

Kufuta programu kumeondoa kitufe kwenye simu yako tu. Akaunti iko palepale, na usajili wa malipo nao ni kitu cha tatu kinachojitegemea.

Zima malipo kwanza. Kama ulijiunga kupitia Play Store, fungua picha ya wasifu, nenda Malipo na usajili, kisha Usajili, ukatize hapo. Kwenye iPhone gusa jina lako juu kabisa ya mipangilio, utaona sehemu ya usajili. Kama uliandika namba ya kadi kwenye tovuti yao moja kwa moja, lazima uingie kwenye akaunti ukatize ndani. Ikishindikana, iambie benki kwa maandishi izuie makato ya mfanyabiashara huyo. Ukitanguliza kufuta akaunti, huenda ukakosa njia ya kuingia na makato yakaendelea. Wengi hujikwaa hapa.

Malipo yakishasimama, pakua risiti zako, ndipo ufute akaunti. Google na Apple zote zinataka programu inayofungua akaunti iwe na njia ya kuifuta. Apple walianza kulazimisha hilo tarehe 30 Juni 2022. Kwenye ukurasa wa programu katika Play Store, shuka hadi sehemu ya usalama wa data utafute kiungo cha kuomba taarifa zifutwe. Kinafanya kazi hata kama programu umeshaiondoa. Na roboti mwache apumzike: fungua sera yao ya faragha, utafute alama ya @, na barua pepe utakayoikuta pale ndiyo ya kuandikia. Kwa kawaida anwani hiyo husomwa na mtu wa sheria, si wa mauzo.

Usishangae wakijibu kwamba kumbukumbu za malipo zinabaki. Nyingine sheria inawalazimisha kuzitunza. Nchini Kenya, kwa mfano, taasisi za fedha hutakiwa kuweka rekodi za miamala kwa angalau miaka 7. Ila anwani yako ya nyumbani, vipimo vya nguo na orodha ya ulivyotazama haviingii humo, kwa hiyo vitaje kimoja kimoja kwenye ombi lako.